Kioo cha madalali wa mawe, na okidi yenye mikia miwili

Mie ni fundi saa. Meza yangu iko Ngamiani, Tanga, Barabara ya 9, kwenye kibaraza cha duka la vitenge, na kwa miaka 34 kazi yangu imekuwa kutazama vitu vidogo kwa jicho moja, huku jicho la pili likimchunga mteja asije akaondoka na saa ya mwenzake. Nalisema hili mapema ili ujue kwamba ninapokisifu au kukilaumu kioo, sijaokota maneno njiani. Kioo ndicho kinachonilisha.

Kioo chenyewe ni kile kidogo cha kukunja, kinachoingia ndani ya ala yake ya chuma kama kisu cha mfukoni, wanachotembea nacho madalali wa mawe ya vito. Kaa mjini kwenye hoteli ya chai asubuhi utawaona. Mmoja anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, anaifungua taratibu, ndani mna punje nyekundu za Umba. Mwenzake anachomoa kioo, anakikunjua kwa kidole gumba, anakiweka jichoni na kununa, maana ukitabasamu bei inapanda. Changu hakijawahi kuona jiwe. Nilikinunua ili nitazame okidi za porini.

Mke wangu alicheka nilipomwambia. Anacheka bado.

Chanzo ni mteja. Mwaka juzi alikuja mama mmoja mtu mzima, mgeni kutoka Scotland, saa yake ya kutia ufunguo imesimama naye yuko safarini kwenda Amani, kwenye msitu wa milima ya Usambara. Mafuta yalikuwa yamekauka tu, kazi ya saa mbili. Nikampa kigoda. Shingoni alikuwa na kioo kama hicho kwenye uzi mweusi, nami kwa tabia ya ufundi nikauliza kinakuza mara ngapi na anakitumia kutazama nini. Akasema mara kumi, okidi.

Nikamwambia okidi si ndiyo yale maua makubwa ya kwenye mahoteli, yanaonekana toka ng'ambo ya barabara, kioo cha nini? Akaomba kalamu na kunichorea nyuma ya kitabu changu cha risiti. Kwao, alisema, wana nyanda za baridi zenye upepo, udongo mweusi na mchachu, miti hakuna, vichaka tu vya jamii ya erika vinavyomfika mtu gotini. Humo okidi husimama chini ardhini, hazining'inii mitini. Iliyo ya kawaida kuliko zote huitwa kwa Kilatini Dactylorhiza maculata, ya waridi, majani yake yana madoa, mdomo wake, yaani ile petali moja isiyofanana na nyingine, ni mpana, una pindo tatu na ile ya katikati ni kijino kidogo. Hiyo haihitaji kioo. Lakini wana ndugu wawili weupe, Platanthera bifolia na Platanthera chlorantha, wanaofanana kama pacha. Ndani ya kila ua mna vifurushi viwili vya chavua. Kwenye bifolia vimesimama sambamba, kwenye chlorantha vimeachana chini na kukaribiana juu. Basi. Ugomvi mzima wa jina unaamuliwa na kitu kisichozidi milimita chache.

Hapo nikaweka bisibisi chini.

Akaendelea kunichorea nyingine, Hammarbya paludosa, okidi ya kinamasi, urefu wake kama kidole, rangi ya kijani tupu, watu huikanyaga bila kujua. Ncha za majani yake hutoa vichipukizi vidogo mno, kila kimoja kikidondoka kinaweza kuwa mmea mpya. Na ua lake limejisokota mzunguko kamili. Nikauliza mzunguko kamili wa nini. Akasema ua la okidi likiwa bado chipukizi, mdomo wake huwa upande wa juu. Likikaribia kufunguka, kikonyo hujizungusha nusu mzunguko, mdomo unashuka chini, unakuwa jamvi la kutulia mdudu. Okidi nyingi hufanya hivyo. Ile ya kinamasi haikutosheka na nusu, ikaongeza nusu nyingine, mdomo ukarudi juu ulikotoka.

Na jambo la mwisho aliloniambia, nikiwa namfungia mfuniko wa saa, ndilo lililonimaliza. Kwenye okidi kadhaa za huko, ukichomeka ncha ya penseli ndani ya ua kama mdudu anavyoingiza mdomo wake, kifurushi cha chavua kinanata na kutoka nacho, kimesimama wima. Ukisubiri, kinalala mbele chenyewe, ili mdudu akifika ua la pili kiguse mahali panapotakiwa. Darwin alilipima jambo hilo kwenye okidi moja ya Uingereza na kulichapisha mwaka 1862. Nikauliza, sekunde ngapi? Kama 30, akasema, kwa wastani.

Sekunde 30! Ua lina saa ndani. Alilipa, akashukuru, akaenda zake. Tanga waja leo waondoka leo, hawakukosea. Mie nikabaki na risiti iliyochorwa maua.

Sasa tuje dukani. Kioo changu cha kazi ni cha kubana jichoni, kizuri mezani, porini hakifai: kinaingia jasho, na ukiinama kinadondoka. Nikaenda kwenye duka moja mjini linalouza vitu vya kila namna, sitalitaja, nikapewa kioo cha kukunja kilichoandikwa 30 kwa 21, kwa Sh 7,000. Yaani mara 30, upana milimita 21. Muuzaji akasema, "Mzee, hiki ni kikali kuliko cha madalali, chao ni mara kumi tu."

Nilijua ananidanganya, ila sikujua kama anajua. Kupima ni rahisi na yeyote aweza. Simama ndani mbali na dirisha, shika kioo mbele ya karatasi nyeupe, kisogeze mpaka picha ya dirisha itulie kwenye karatasi ikiwa juu chini. Pima kwa rula kutoka kwenye kioo hadi kwenye karatasi. Kisha gawa sentimita 25 kwa kipimo ulichopata. Kioo cha mara kumi kitakupa sentimita mbili na nusu. Cha mara 30 cha kweli kingelazimika kuwa chini ya sentimita moja, ungekuwa unalibusu ua. Changu kilitoa sentimita nne na ushee. Mara sita, kwa ukarimu. Mara 30 ilikuwa imeandikwa kwenye chuma tu, kama mtu anavyoandika "Daktari" kwenye kadi ya harusi.

Na hata hiyo mara sita ilikuwa na kasoro. Nilitazama mistari ya rula: katikati imenyooka, pembeni inapinda kama mgomba kwenye upepo, na kila mstari una ukingo wa bluu upande mmoja na wa njano upande wa pili. Kwa anayetafuta mwiba kidoleni si neno. Kwa okidi ni balaa, maana rangi ya ukingo wa mdomo ni mojawapo ya mambo unayotaka kuyajua, na hapa kioo kinakupaka zake.

Cha pili ndicho ninachokieleza. Nilikinunua kwa kijana dalali aliyekuwa anataka kubadilisha, Sh 25,000 baada ya vikombe vitatu vya chai. Mara kumi, upana milimita 18, ndani vioo vitatu vimegandishwa pamoja kuwa kimoja ili rangi zisiachane. Nilikipima kwa dirisha mbele yake: sentimita mbili na nusu kasoro uzi. Mistari ya rula imenyooka hadi karibu na ukingo, rangi hakuna. Kijana akanitazama kwa heshima mpya, akadhani nami nina mzigo wa mawe mahali.

Mtihani wa kwanza ulikuwa Amani. Asubuhi gari la Muheza, pale nikala machungwa mawili, kisha basi la kupanda juu, kupitia lango la Sigi, kona juu ya kona, baridi ikaanza kuingia dirishani na harufu ya hiliki kwa mbali. Wajerumani waliweka kituo chao cha utafiti wa mimea huko mwaka 1902, na miti waliyoipanda bado imesimama, lakini msitu wenyewe ulikuwapo kabla yao na hifadhi ya sasa ilitangazwa 1997. Nilichukua mwenyeji wa kuniongoza, mzee wa Kisambaa anayeitambua miti kwa kugonga magome. Nikamwambia nataka okidi. Akatazama juu, mita 30 za mti, kisha akanitazama mie.

"Fundi, unataka kupanda?"

"La, mzee wangu. Magoti hayataki."

"Basi tazama chini. Kilicho juu leo, kesho upepo unakileta."

Ndiyo siri yenyewe, nami nakupa bure. Usihangaike na mti uliosimama. Tafuta tawi lililoanguka baada ya mvua ya upepo, linakuja na wapangaji wake wote. Tulipata moja limelala kando ya njia, na juu yake kishada cha Polystachya, vijiua vya njano iliyochakaa, kila kimoja si kikubwa kuliko punje ya mahindi. Kwa macho matupu ningepita. Nikalala kifudifudi kwenye majani yaliyooza, shati langu jeupe, mke wangu atasema nini, nikagusisha kioo kwenye nyusi na kulisogelea ua.

Hapa niseme neno la matumizi, maana nimeona wengi wakikosea. Watu wanashika kioo mbali kama mpelelezi wa kwenye sinema. Sivyo. Kioo kinakaa jichoni, kinagusa uso, kisha unakileta kitu kwenye kioo, au kama kitu hakiletiki, unaleta kichwa. Jicho la pili liache wazi. Mwanzoni linasumbua, baada ya siku mbili ubongo unalisahau. Ukifumba jicho moja utachoka ndani ya dakika kumi na utakilaumu kioo bure.

Basi nikaona. Mdomo wa lile ua ulikuwa juu. Huko huko juu, nyuma ya mdomo, sepali mbili, yaani vile vijani vya nje vinavyolifunika ua likiwa chipukizi, zilikuwa zimeungana na kufanya kidevu, kabisa, kidevu cha mtu aliyekasirika. Nikafuatilia kikonyo kutafuta mahali kilipojisokota. Hakikujisokota, kimenyooka. Yaani ile ya kinamasi cha Scotland mdomo wake uko juu kwa sababu imezunguka mara mbili ya wenzake, na hii ya Usambara mdomo wake uko juu kwa sababu haikuzunguka kabisa. Mishale imesimama palepale, mmoja umetembea na mwingine haujatembea. Kila fundi saa anaijua saa ya namna hiyo.

Na juu ya mdomo kulikuwa na unga. Mweupe, kama unga wa mchele uliomwagikia zulia. Nilidhani ni chavua. Mara kumi ikanionyesha kwamba ni vinywele vinavyokatika vipande vipande vyenyewe, kila kipande kama kishanga. Nyuki huukusanya unga ule wakijua wamepata chakula, huku chavua ya kweli iko kwenye nguzo, kile kijiti cha katikati ya ua, imefungwa kwenye vifurushi vyake, imenyamaza. Kioo cha Sh 7,000, nilikuwa nacho mfukoni nikakijaribu palepale, kilinionyesha "kitu cheupe".

Mzee akaomba naye atazame. Alikaa muda mrefu. Akasema, "Miaka yote hii nilikuwa napita nje ya nyumba." Kisha tukalivuta tawi pembeni ya njia lisikanyagwe na kuliacha. Hatukung'oa kitu. Okidi zote za dunia zimo kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hata kama zisingekuwamo, ya mtini ukiipeleka Ngamiani itakufa kabla ya mwezi kuandama.

Mjukuu wangu aliniwekea kwenye simu programu ya kutambua mimea. Unapiga picha, inakupa jina. Kwa mchunga na mnavu wa uani ilijibu vizuri, na kwa maua ya kununua pia. Amani niliipa picha ya okidi isiyo na jani hata moja, Microcoelia, ambayo ni mizizi ya kijivu tu iliyoshika tawi kama buibui mkubwa, mizizi ndiyo inayofanya kazi ya majani. Programu ikasema ni dungusi. Nikamsamehe, Amani lipo kweli dungusi moja linaloning'inia mitini, na kwa mbali wanafanana. Lakini simu haiwezi kufanya kitu kimoja: haiwezi kukwambia "sogea, nione mzizi ulipolowa". Ukiudondoshea mzizi ule tone la maji kisha ukautazama kwa kioo, ganda la kijivu linanyonya kama sponji na kijani kinajitokeza chini yake. Dungusi halikufanyii hivyo.

Kitulo ndiko mashine na kioo walikoachana rasmi.

Mkwe wangu anafanya kazi Makete, na Februari hii tulikwenda kumwona mtoto wao mchanga. Mtu wa Tanga kwenda Makete mwezi wa pili ni adhabu: mvua, ukungu, na asubuhi ukizungumza unatoa moshi. Tulipanda kutoka Chimala kuelekea Matamba, zile kona 57, mke wangu akizihesabu kwa tasbihi. Juu kabisa ndiyo tambarare ya Kitulo, kama mita 2,600 toka usawa wa bahari, majani mafupi, upepo, anga lote lako. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kilomita za mraba kama 413, na iliwekwa kwa ajili ya maua kwanza kabla ya wanyama. Ina okidi za ardhini zipatazo aina 45. Nilipoona nchi ile nilimkumbuka yule mama mgeni na zile nyanda alizonichorea, ila hapa kila hatua kulikuwa na ua.

Mwongozaji alikuwa kijana mpole, akiniita "mzee wa Tanga". Ua la kwanza lilikuwa la waridi, shina nene, maua yamejipanga kama magunzi. Nikapiga picha. Programu, kwa uhakika wa kijana aliyepata cheo jana, ikaniambia Dactylorhiza maculata.

Nikacheka hadi kijana akauliza kuna nini. Ile ile ya kwenye risiti yangu! Okidi ya Scotland imefikaje Makete, kwa basi gani? Nadhani nilielewa kilichotokea. Mashine imelishwa picha nyingi za kwao na chache za kwetu, ikaona waridi, ikaona shina lililosimama, ikachukua jina lililo karibu na mkono. Nikapiga magoti kwenye maji, nikatoa kioo.

Mdomo juu, umefunika kama kofia ya koti la mvua. Kikonyo hakijasokotwa. Na nyuma ya ile kofia, mikia miwili inashuka, kushoto na kulia, myembamba, kama masharubu ya kambare. Dactylorhiza ina mkia mmoja na mdomo wake uko chini. Mikia miwili ni Satyrium. Niliihesabu mara tatu kwa raha tu.

Niseme ukweli, mikia ile unaweza kuiona hata kwa macho ukijua pa kutazama. Kioo hakikuikuza tu, kiliniweka karibu vya kutosha nikatafuta. Simu ilikuwa imenisimamisha mbali.

Baada ya hapo kijana akashika mchezo. Tukawa tunauliza kila ua swali moja: mkia unatoka wapi? Kwenye Disa mkia ni mmoja, na hautoki kwenye mdomo hata kidogo, unatoka kwenye sepali ya juu iliyojikunja kuwa kofia, mdomo wenyewe ni kiulimi tu kimejificha chini. Satyrium mikia miwili kutoka mdomoni. Habenaria mmoja mrefu chini ya mdomo, ua la kijani na jeupe lililochanikachanika kama ukindu uliopasuliwa na mtu mwenye haraka. Maswali mawili, matatu, na makundi makubwa ya tambarare yameshagawanyika. Jina la pili, la aina yenyewe, ni kazi nyingine na mara nyingi tuliliacha.

Habenaria ilinipa tazamo bora kuliko zote. Katikati ya ua vinatokeza vidole viwili vinene, vinang'aa kwa unyevu, vimenyooshwa mbele kama mtu anayepokea kitu. Ndivyo vinavyopokea chavua. Upepo ulikuwa unatikisa ua, na kwa mara kumi hata pumzi yako ni tufani, kwa hiyo nilifanya kama ninavyofanya na saa ya kike: mkono wa kushoto unashika shina kwa vidole viwili, wa kulia wenye kioo unaegemea juu ya wa kushoto, vikitikisika vinatikisika pamoja. Nikatazama mpaka goti likafa ganzi. Nilitamani kuchomeka unyasi nihesabu sekunde. Kijana akasoma mawazo yangu, akasema kwa upole, "Hapa hatugusi, mzee." Nikarudisha unyasi.

Ndiye aliyenionyesha pia shimo. Dogo, kama la panya, udongo bado mbichi. Mtu alikuwa amechimba kiazi cha okidi. Vinauzwa kuvuka mpaka kwenda Zambia, vinasagwa na karanga kupikwa chikanda, na kila kiazi kinachochimbwa ni mmea mmoja umekwisha. Sikutumia kioo hapo.

Sasa kasoro za kioo, maana zipo. Skrubu ya bawaba inalegea. Baada ya miezi miwili ya kukunja na kukunjua, kioo kikawa kinazunguka hovyo ndani ya ala, na siku nyingine ungefungua mfuko ukakikuta peke yake. Nilikaza na kuitia tone la rangi ya kucha ya binti yangu kwenye uzi wa skrubu, ikatulia. Yule aliyekitengeneza angeweza kufanya hivyo kwa senti moja.

Ung'avu wa chuma haupatani na hewa ya bahari yetu. Ukikaa Raskazone jioni nacho mfukoni, mwaka hauishi kabla hakijaanza kumenyeka pembeni, na vipande vinakata kidole. Mfuko wa ngozi uliokuja nacho nao ni adui aliyevaa kanzu. Ngozi inashika unyevu, na Tanga unyevu hauhitaji mwaliko. Mwezi wa tano niliona uzi mwembamba mweupe umeanza kutambaa kwenye ukingo wa kioo, kuvu, ile ile inayokula kamera. Nikausafisha kabla haujang'ata. Tangu hapo kinalala kwenye mkebe wa maziwa ya unga pamoja na mchele uliokaangwa kidogo ukakauka, na mfuko wa ngozi anauchezea paka.

Uwanja wake wa kuona ni mdogo. Ukizoea simu, utahisi umechungulia tundu la ufunguo. Ua la Satyrium huoni lote kwa pamoja, unalitembelea chumba kwa chumba. Mie ni kazi yangu. Mke wangu alijaribu dakika mbili, akasema anaona kope zake tu, akarudi kwa mjukuu.

Na usidanganywe ununue cha mara 20 ukidhani utaona mara mbili zaidi. Utaona ncha moja ya unywele safi na mengine yote ukungu, na kichwa chako kitazuia mwanga. Kumi inatosha, na ninalisema hilo nikiwa na droo nzima ya vikali zaidi.

Kwa hiyo kwa Sh 25,000 nimeridhika, na ningelipa hata 35. Yule kijana dalali alirudi juzi kukiulizia, anataka kukinunua tena, kile alichobadilishia kinamwumiza macho. Nikamwonyesha unga wa Polystachya kwenye picha niliyoipiga kwa kubandika simu juu ya kioo, njia ambayo inafanya kazi ukiwa na mkono mtulivu. Akauliza yale mawe yanatoka machimbo gani.

Skrubu ya bawaba, kama yako imeshaanguka, njoo na kioo chako nikutafutie. Nina kopo zima la za saa za zamani, zinaingia bila kulazimisha. Asubuhi tu, mchana jua linakaa mezani.